Vijiti Kumi na Viwili vya Zaituni

Mkinikuta soko la Kasongo nimekazia macho sikio la mke wa mtu, msinifikirie vibaya. Marehemu mama wa watoto wangu alinifikiria vibaya miaka mingi, mwisho akachoka, akawa ananionyesha yeye mwenyewe: tazama lile kule, limevimba. Sitazami hereni, sitazami shingo. Natazama kama ukingo wa sikio umejaa, kama ngozi inang'aa, kama mtu anainamisha kichwa upande mmoja akiwa anaongea. Niliingia kazi ya infirmiye, ya kuuguza wagonjwa, wakati wa Mbelgiji, nikaitoka nikiwa na mvi, na katika miaka yote hiyo kila mwenzangu alikuwa na ugonjwa unaomfuata. Mmoja alifuatwa na meno, mwingine na vidonda vya miguu. Mimi nilifuatwa na masikio yaliyochomwa na kitu, na kitu chenyewe bado kimo ndani.

Nyinyi vijana wa kituo cha afya mnakuja kwangu Jumapili, mnasema, Papa Donasi, tupe ujuzi wa zamani, kisha kidole kinarudi kwenye simu. Haya, leo nawapa. Simu chini. Na wewe Yolanda, toa hicho kijiti cha pamba sikioni mwako, maana ni wewe ninayekusema.

Watu wa kwetu huku hawawezi kuliacha sikio litulie. Likiwasha, mtu anaokota kilicho karibu. Nimetoa unyoya wa kuku, mwiba wa samaki wa Lualaba, njiti ya ufagio, ncha ya kalamu ya katekista aliyekuwa akijikuna nayo huku akifundisha watoto amri za Mungu. Ukiwauliza, kila mmoja anakujibu kwamba kitu kiliingia chenyewe. Katekista naye alijibu hivyo hivyo, na amri inayokataza uongo alikuwa ameifundisha asubuhi ile ile.

Sasa shikeni hili. Kuna kitu kilicholala tu ndani ya tundu la sikio, na kuna kitu kilichochoma nyama kikasimama humo. Hicho cha pili usikivute kwa sababu tu unakiona. Hujui kimefika wapi, hujui kinazuia damu gani, hujui kama kimevunjika. Mtulize mtu. Kama sikio linatoa damu, mlaze upande huo, damu ishuke nje isirudi ndani. Chukua kitambaa safi, kizungushe kiwe ngata, ile ile wanayowekea mama zenu mtungi kichwani, ila ndogo. Ngata izunguke kile kitu, chenyewe kikae katikati bila kuguswa, ndipo ufunge bendeji juu yake. Usitie mafuta, usitie maji ya tumbaku, usitie maziwa ya mama mzazi, hata kama bibi yako amekuja nayo kikombeni na amekasirika. Kisha mpeleke kwenye mwanga na vyombo. Kitu kitolewe kwa njia kiliyoingilia, polepole, na anayekitoa awe amejua kwanza ni kitu gani.

Mgonjwa bora niliyempata maishani aliitwa Kitenge, mshona magunia ya pamba kule Wamaza. Msimu wa pamba kazi yake ilikuwa kufunga midomo ya magunia na kutia viraka yaliyotoboka, kwa sindano kubwa, ndefu kupita kidole. Mikono ikimjaa, aliipachika sindano nyuma ya sikio, kama karani anavyopachika kalamu. Siku moja anatia kiraka gunia tupu, rafiki yake akaja akamsalimia kwa kumpiga bega. Sindano ikaingia kwa nyuma ya sikio, ikatokeza mbele. Uzi ulikuwa bado kwenye sindano, na mwisho wa uzi ulikuwa umeshonwa kwenye gunia. Pale pale soko zima likawa waganga: huyu anasema vuta, yule anasema kata, mwingine anasema atafute kwanza majani fulani. Kitenge akakataa kuguswa. Akalikunja gunia kwapani, akatembea nalo mpaka dispansere yangu na sindano yake sikioni. Njiani wanawake walimwuliza anapeleka wapi gunia, akawajibu kwamba gunia ndilo linalompeleka yeye.

Nilikata uzi kwanza, nikaosha pande zote mbili, nikairudisha sindano nyuma ilikotoka. Ningeivuta mbele, uzi wote wenye vumbi ungepita ndani ya nyama. Siku ya nne Kitenge alikuwa kazini tena, na sindano ameihamishia nyuma ya sikio la pili. Namwita mgonjwa bora kwa sababu aliniletea kila kitu kama kilivyokuwa, na gunia juu. Laiti ningekutana naye kabla sijakutana na Zaituni.

Kwa Zaituni mwenye kosa ni mimi, kwa hiyo sogeeni, najua ndiyo mnayoyapenda.

Nilikuwa nimemaliza shule ya uinfirmiye miezi mitatu tu. Mtoto wa wakulima wa Kabambare, mbatizwa, bloze nyeupe ya kazi niliyoipiga pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Wakanipeleka dispansere ndogo pembeni ya mji wa Kasongo, chini ya mtawa mmoja Mbelgiji, mama mnene mwenye viatu vya kiume. Sisi wote tulimwita Masere, kama tunavyowaita watawa wote huku. Masere alinirudia maneno yale yale kila asubuhi: macho kwanza, mdomo wa pili, mikono mwisho. Lakini mimi mikono ilikuwa inaniwasha. Nilikuwa nimepewa pensi mpya, kile kikoleo chembamba cha chuma cha kutolea vitu vidogo mwilini, na niliibeba mfukoni ichomoze kidogo ili watu waione.

Mtaa wa Waislamu wa Kasongo, waungwana wale wa zamani, sisi watu wa mashamba hatukuujua sana. Nilijua tu kwamba wanawake wao wana matundu mengi kwenye ukingo wa sikio, na siku za sherehe wanatundika vipuli vingi, vinalia wakitembea. Matundu yale yanapatikanaje? Sikuwahi kujiuliza. Nilidhani labda wanazaliwa nayo. Chekeni, lakini mtu mwenye diploma anaweza kuamini mambo makubwa kuliko hilo.

Na kutojua kwangu kulikuwa na sababu yake. Msichana wa mtaa ule alitobolewa masikio akiwa mwari, amewekwa ndani, wiki za mwisho kabla ya ndoa, na hakutoka mpaka vidonda vikauke. Wageni hawakumwona. Wala hakuruhusiwa kusema na mwanaume asiye wa nyumba yao, hata neno moja. Haya yote niliyajua baadaye, nikiwa nimeshaharibu.

Asubuhi hiyo Masere alikuwa amekwenda vijijini kuchanja watoto, ameniachia dispansere. Akaja mama mmoja na msichana aliyejifunika kanga mpaka puani. Mama ni shangazi, msichana ni Zaituni, binti wa fundi cherehani wa mtaa ule. Shangazi akasema binti ana homa, sikio la kushoto limevimba, baba yake ameamuru aletwe apigwe sindano. Alitaka kuendelea kueleza. Mimi nikamwambia, mama, maelezo mpe karani pale mlangoni. Basi akaenda kwa karani, na karani wetu alikuwa mtu wa kuandika taratibu sana: jina la binti, la baba, la babu, la chifu. Hajafika kwa babu, mimi nimemaliza kazi.

Kanga iliposhuka, nikaona mambo. Vijiti sita sikio la kulia, vijiti sita la kushoto, vipande vifupi vya bua la mtama vimepenya ukingo kutoka juu mpaka chini. Sikio la kushoto kule juu limejaa na linang'aa. Nikasema moyoni, huyu binti ameangukia ufagio. Nawaambia kweli tupu, ndivyo nilivyowaza: ameangukia ufagio mara mbili, kila upande mara moja.

Macho, mdomo, mikono. Macho niliyatumia kuhesabu. Mdomo niliutumia kumwambia akaze moyo. Nikachomoa kijiti cha kwanza. Zaituni akanishika mkono. Nikadhani ni maumivu, nikamwambia pole, nikautoa mkono wake, nikachomoa cha pili. Akanishika tena, akauvuta mkono wangu kwenda juu kule. Nikautoa tena. Machozi yalikuwa yanamshuka, na mimi najisifu kimoyomoyo kwamba kazi hii inataka mwanaume mwenye moyo mgumu. Vyote kumi na viwili vikalala ndani ya beseni. Nikapaka dawa nyekundu, nikampiga penisilini, nikamzungushia bendeji kichwa kizima, yakabaki macho na pua. Shangazi alipogeuka, akatazama beseni, akanitazama mimi. Mdomo wake ulifunguka na haukutoa kitu. Akamshika binti mkono wakaondoka, nami nikadhani amekosa maneno ya kunishukuru.

Saa nane mchana akaja Bi Sikudhani. Huyu alikuwa mwanamke mfupi, mtu mzima, ndiye aliyetoboa masikio ya mtaa ule, ya mama, ya binti, mpaka ya wajukuu. Hakuja na hasira, na afadhali angekuja nayo. Alikaa kwenye benchi, akaweka kanga yake sawa, akaniuliza habari za nyumbani, za wazazi, za njia ya Kabambare kama inapitika. Ndipo akasema:

"Mwanangu, vijiti vyangu iko wapi?"

Nikamwambia nimevichoma moto.

"Vyote?"

"Vyote, mama. Kumi na viwili."

Akanieleza pole pole, bila kunidharau, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Tundu likitobolewa linawekwa kijiti ili lisizibe. Kila asubuhi kijiti kinatiwa mafuta ya mbarika na kuzungushwa, mpaka tundu lipone likiwa wazi. Ijumaa ya wiki iliyokuwa inakuja Zaituni angeolewa. Mama wa bwana harusi alikuwa njiani kutoka Kabambare na vipuli kumi na viwili vya fedha, avitundike kwa mkono wake, kimoja kimoja, mbele ya wanawake wote. Kipuli kikikosa tundu kinarudi kwao. Nacho hakirudi peke yake, kinarudi na maneno: binti ana kasoro, sikio lake limeoza, na nani ajuaye kingine kinachooza. Msichana wa mtaa wa tatu alikuwa amerudishiwa vipuli viwili, na mpaka siku ile alikuwa bado kwa baba yake.

Nilitamani benchi inimeze. Nikasema nitakwenda mwenyewe kwa fundi cherehani kuomba radhi. Bi Sikudhani akasema nitulie kwanza. Alikuwa ametoka huko, bendeji yangu ameifungua, na matundu kumi na moja ameyarudishia vijiti vipya kabla hayajajifunga. Kwa hayo nilikuwa nimemliza mtoto wa watu bure tu, sikuwa nimeharibu kitu.

"Imebakia moja," akasema, na sauti ikashuka. "Ile ya juu kushoto. Mwiba ulivunjika ndani."

Alikuwa anatoboa kwa mwiba wa mlimau, kama alivyofundishwa na mama yake. Macho yalikuwa yameanza kumpungukia. Ukingo wa juu wa sikio ni mgumu, binti alitikisika, ncha ikakatika ikabaki humo. Aliogopa kusema. Mkono wake haukuwahi kushindwa, na aliona aibu ushindwe kwa binti huyu. Akapachika kijiti juu ya kosa lake, akaomba Mungu, na siku ya tatu sikio likavimba. Kwa hiyo hesabuni ujuzi wangu, wanangu: nilichomoa vijiti kumi na viwili visivyo na dhambi yoyote, nikamwachia Zaituni kile kimoja kilichokuwa kinamla. Tena nikakifunika kwa bendeji, na ilikuwa bendeji nzuri.

Tukakaa pale benchi moja, yeye na mimi, kila mtu akitaka mwenzake ndiye aanze kumwambia Masere. Masere alirudi jioni, viatu vimejaa tope, akatukuta hivyo. Mwishowe nilianza mimi, Bi Sikudhani akamalizia. Nilipofika kwenye habari ya kuangukia ufagio, shingo ya Masere ikawa nyekundu, nikajua leo ninafukuzwa. Kumbe alikuwa anabana kicheko. Lakini aliposikia mwiba, kicheko kikamtoka usoni. Alisema mle ukingoni hamna nyama, ni gegedu tupu, na usaha ukilila gegedu, sikio linajikunja na halinyooki tena maisha yote ya mtu. Daktari alikuwa safarini na hakungojeka. Akatuagiza asubuhi tuwe pale wote wawili, na Zaituni.

Usiku huo sikula, nalisema wazi. Nilimwona binti yule mbele ya wanawake wa Kabambare na sikio lililojikunja, na mimi nimelifunga kwa mkono wangu huku najisifu.

Asubuhi wakaja. Masere aliweka maji ya moto yenye chumvi, akamkanda Zaituni kwa kitambaa muda mrefu, mpaka ngozi ikalainika. Mimi nilikuwa nimeshaitoa pensi mfukoni. Uvimbe ulikuwa umeziba kila kitu, mwiba hauonekani, hata mlango wake hauonekani, na bado mkono wangu ulikuwa unakwenda. Masere akaukamata hewani.

"Wewe unajua huu mwiba uliingia wapi?" akaniuliza kwa Kiswahili chake kile kizito.

Nikasema sijui.

"Basi ngojea mutu mwenye aliusukuma."

Bi Sikudhani akanawa mikono mara mbili, Masere akimsimamia. Akakaa upande ule ule aliokaa siku ya kutoboa, akamlaza binti kichwa vile vile alivyomlaza, kisha akafumba macho. Macho yenyewe hayakuwa na faida tena. Akapitisha ncha ya kidole nyuma ya sikio, taratibu, akisema chini kwa chini jinsi mwiba ulivyokwenda: niliingia kwa nyuma, nikanyoosha, yeye akatikisika, mkono ukainama chini. Kidole kikasimama.

"Iko hapa."

Masere akatia mkato mdogo pale pale, nyuma. Usaha ukatoka kwanza. Bi Sikudhani akabana kwa kidole kutoka mbele, na kitu cheusi kikachungulia, hakifiki nusu ya punje ya mchele. Hapo ndipo nikaruhusiwa kutumia pensi yangu mpya. Nilikishika, nikakitoa, na hiyo ndiyo kazi yote niliyoifanya siku ile. Zaituni alishusha pumzi ndefu, na sisi watatu tukashusha pamoja naye.

Halafu ukazuka ugomvi wa vijiti. Masere alisema tundu la juu liachwe lijifunge, na hayo mengine hataki kuona mabua machafu ndani ya masikio ya mgonjwa wake. Bi Sikudhani alisema bila mabua hakuna matundu, na bila matundu hakuna ndoa, na kama Masere hajui ndoa ni nini, yeye anamsamehe. Nilidhani mbingu zitaanguka. Masere akacheka, mara hii kwa sauti. Wakakubaliana kwamba vijiti vichemshwe pamoja na sindano zetu. Bi Sikudhani alipovipokea akavigeuza geuza, akaniambia nimempikia vijiti vyake kama muhogo. Alivitumia. Na tangu siku hiyo, kila mwari wa mtaa ule alipowekwa ndani, sufuria yetu ilichemsha mabua ya mtama. Baada ya miaka miwili miiba ya mlimau ikabaki kwenye mlimau, Bi Sikudhani akawa anatobolea sindano zetu, na mimi namshikia taa.

Yeye naye akanilipa kwa kunifundisha kidole. Alinifungisha macho kwa kitambaa, akaficha uzi chini ya ngozi ya ndizi, akaniambia nitafute. Nilitafuta wiki nzima na ndizi nikazila. Baadaye, nilipohamishiwa kambi ya wachimba dhahabu Salamabila, niliona masikio yaliyochomwa na nyaya na vigae vya mawe, na vingi sikuviona kwa macho, nilivipata kwa kidole, macho nimefumba. Wenzangu walinicheka kwamba Donasiani akishika mgonjwa anasali. Waliponiletea wale walioshindwa kuwatibu, kicheko kiliisha.

Ndoa ilifanyika Ijumaa. Mimi sikuwepo, ni mambo ya wanawake, lakini karani wetu alikuwa na mke asiyeweza kukaa na habari. Matundu kumi na moja, vipuli kumi na viwili. Mama mkwe akatundika kimoja kimoja, vigelegele kila kimoja. Alipofika juu kushoto, Bi Sikudhani akasema niachie hapo, bado ni laini. Akageuza kichwa cha binti ukutani, akafunga kile cha kumi na mbili kwa uzi kwenye pete ya kipuli cha jirani. Zaituni alipogeuka, vyote vilikuwa vinacheza. Mama mkwe akatazama kwa muda mrefu, kisha naye akapiga kigelegele.

Wiki mbili baadaye Zaituni akaja dispansere, sasa mke wa mtu, njiani kwenda Kabambare na mume wake. Sikio lilikuwa zima, limenyooka, na juu kabisa ana kibonyeo kidogo kama alama ya ukucha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake, na kumbe yule binti alikuwa na maneno. Mbele ya wagonjwa wote aliniuliza kama fagio zote za mji ziko salama. Kisha akaweka kipuli cha fedha mezani pangu. Alisema mama mkwe aliuona uzi tangu siku ile ile, akacheka mpaka akashika mbavu alipopewa habari yote, na ameamua kwamba kipuli cha kumi na mbili ni cha muganga, maana hakina kwao kwingine.

Mimi nilikuwa nimejipanga siku nyingi kumwomba radhi. Nikamwambia nilimwumiza na ninajuta.

"Kuumia nilisahau," akasema. "Lakini nilikushika mukono nikuonyeshe. Ni huu wa juu tu. Nilikuonyesha mara mbili."

"Sasa kwa nini hukusema, mama?"

"Mwari hasemi na mwanaume." Akajitanda kanga, akasimama. "Lakini wewe ungeniuliza. Ungeniuliza, ningetikisa kichwa. Kutikisa kichwa hakuna aliyetukataza."

Akatoka. Kipuli nilikishona ndani ya mfuko wa bloze, pale pale pensi inapokaa, ndoano ikitazama juu. Kila nilipoingiza mkono kuchukua pensi, kilinichoma kwanza. Bloze zimechakaa nyingi, na kila moja nilikihamisha. Sasa kiko kwenye koti hili, mje mkishike mmoja mmoja, polepole, msije mkaniletea kazi ya vidole.

Na wewe Yolanda, ngoja. Usiende na wenzako. Tangu mmeingia unainamisha kichwa upande wa kushoto, na kile kijiti ulichokitoa sikioni naona kiko hapo mkekani kimevunjika, na ncha yake haipo. Njoo hapa dirishani penye mwanga. Usiogope, mikono yangu iko nyuma, sijashika kitu. Niambie kwanza wewe mwenyewe, mwanangu: kinakuuma wapi?